Ufunguo wa Tatu: Mama Aliyepinga Haki Sawa Mkutanoni na Hasira Tulizomshushia

Kisa hiki kilitokea kwenye mwalo mmoja wa dagaa, yaani ufukwe wa ziwa wanakoshushia samaki, safari ya daladala na kisha bodaboda kutoka Mwanza mjini. Majina ya watu, ya mwalo na ya shirika nimeyaacha, na baadhi ya mambo madogo nimeyabadili ili mtu asitambulike. Nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu kwenye timu ya uwezeshaji, kwa hiyo mengi ninayoeleza niliyaona kwa macho yangu. Nawaandikia wawezeshaji wenzangu wa haki za wanawake, kwa sababu lililotupata pale linatupata kila mahali: mwanamke anasimama kupinga kile tunachokipigania, na sisi tunawaka kuliko tunavyowaka mwanaume akisema maneno yaleyale.

## Usuli

Kwenye mwalo kazi imegawanyika tangu zamani. Wanaume wana mitumbwi, nyavu na taa. Wanatoka jioni wakati wa giza na kurudi alfajiri. Wanawake wanasubiri ufukweni na ndoo zao, wananunua, wanaanika, wanageuza, wanapeta mchanga, wanauza. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, na hizo ndizo siku za vikao, harusi na kudaiana.

Dagaa aliyeanikwa chini anashika mchanga na bei yake inaanguka. Mvua ikimkuta hapo, anaishia kuwa chakula cha kuku. Aliyeanikwa kwenye kichanja, juu ya wavu, anakauka pande zote na mnunuzi wa mjini anamwongezea bei bila ubishi. Shirika letu lilikuwa limepata fedha za kujenga vichanja. Kikwazo kikawa ardhi. Orodha ya maeneo ya kuanikia, iliyokuwa mikononi mwa mwenyekiti, ilikuwa na majina 31, yote ya wanaume, wakiwemo ambao hawajawahi kugeuza dagaa hata siku moja.

Tukaandaa hoja moja yenye vipande viwili ipelekwe kwenye mkutano: maeneo yaandikwe kwa jina la mwanamke anayeanika, na wanawake wapate viti sawa na wanaume kwenye kamati ya BMU, ile inayosimamia uvuvi wa mwalo. Msingi wa sheria tulikuwa nao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Na hapahapa Mwanza, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua, katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi kwa baba yake anaweza kuiuza sawa na mwanaume wa ukoo. Mafunzoni akina mama waliipenda sana kesi ile. Mmoja aliniomba nimwandikie jina la jaji kwenye daftari lake la madeni.

Mama K. hakuhudhuria mafunzo yote, alikuja siku mbili. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, ana mume, ni kiongozi wa akina mama kanisani na ndiye anayeitwa kumfunda binti anayeolewa. Kwenye kikoba chao, kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 28, alikuwa mmoja wa washika funguo watatu. Wanaojua vikoba wanajua uzito wa jambo hilo: sanduku lina kufuli tatu, na halifunguki mpaka washika funguo wote wawepo mbele ya kikundi. Watu hawampi ufunguo mtu wanayemtilia shaka.

Kuna jambo lingine tulilolisikia tukalipita. Mwaka mmoja kabla yetu, mvuvi alimpiga mkewe akamvunja mkono. Mama K. alikwenda usiku uleule kwa kaka mkubwa wa yule mvuvi, akakaa mlangoni mpaka wazee wakaamshwa. Kulipokucha mvuvi alikuwa ametozwa faini, na kaka yake anamlipia mke hospitali. Mama K. alijua mwanaume yupi anamsikiliza nani. Huo ndio ulikuwa uwezo wake, na aliupata kwa miaka mingi ya kuheshimika na wanaume wale.

## Siku ya mkutano

Mkutano ulifanyika mbalamwezi ya mwisho wa Novemba, wakati kampeni ya Siku 16 za kupinga ukatili ilikuwa imeanza. Wanaume walikaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa, wanawake kwenye mikeka. Dada R., mwezeshaji wetu kiongozi, aliiwasilisha hoja vizuri. Wanaume wawili watatu wakanung'unika kwamba "mambo ya Beijing" yamefika mwaloni. Msemo huo haukutushtua, tumeuzoea. Tangu mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Beijing, China, mwaka 1995, kila dai la mwanamke nchini hupachikwa jina hilo, na kwenye mwalo kama ule inauma zaidi, maana aliyeuongoza mkutano huo kama Katibu Mkuu ni Mama Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa kilichopo kwenye ziwa hilihili.

Ndipo Mama K. akasimama. Alikunja vizuri pindo la kanga yake kabla ya kusema. Maneno yake niliyaandika hivi:

"Mimi ni mwanamke na sitaki haki sawa. Nikiwa sawa na mume wangu, sare ya mtoto atanunua nani? Nusu yangu nitaitoa wapi, kwenye ndoo mbili za dagaa? Mwanaume ni kichwa cha nyumba. Mwacheni abebe mzigo wake."

Makofi yalitoka upande wa mitumbwi. Mmoja alipiga dumu tupu kama ngoma. Mwenyekiti akainua mkono: "Mmemsikia wenyewe. Huyu si mwanaume aliyesema, ni mama yenu. Ajenda tumeifunga." Hakukuwa na kura.

Dada R. alisimama hata dakika haijapita. Hakumtazama mwenyekiti. Alimgeukia Mama K., mtu ambaye asubuhi ile alikuwa amempa shikamoo na kuitikiwa "marahaba, mwanangu", akasema: "Wewe mama ndiye unayewauza wenzio. Mfumo dume hauhitaji wanaume ukiwa na wanawake kama wewe." Binti mmoja kwenye mkeka alicheka kwa sauti. Mama K. hakujibu. Alifunga kanga, akapita katikati ya watu, akaenda kwake.

## Maamuzi tuliyofanya na sababu zake

Jioni timu ilikaa gesti, watu wanne, tumechoka na tumeumia. Niseme wazi kwamba maumivu yalikuwa ya haki. Miezi minne ya kazi ilikuwa imezimwa kwa sentensi chache, na mwaka mwingine ungepita wanawake wakianika kwenye ardhi isiyo yao.

Tuliamua mambo mawili. La kwanza, jina la Mama K. litolewe kwenye orodha ya watakaojengewa vichanja kwanza. Hoja iliyotolewa ni kwamba hatuwezi kumjengea mtu anayebomoa, na wenzake wakimwona amepata watasema kupinga hakuna hasara. La pili, upelekwe ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la wanachama, kila mmoja aseme anasimama wapi. Ujumbe huo niliuandika mimi. Ulikuwa na maneno "tujue nani yuko nasi". Chini yake mwenzetu mmoja akaongeza usemi ule wa kwamba adui wa mwanamke ni mwanamke.

Kuna mambo mawili ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeyapendekeza usiku ule. Hakuna aliyesema twende kwa Mama K. tukamuulize. Na hakuna aliyesema twende kwa mwenyekiti tukamuulize amefungaje ajenda bila kura.

## Matokeo

Wiki iliyofuata kikoba kilikutana, Mama K. hakuja. Alimtuma mjukuu wake na ufunguo umefungwa kwenye kipande cha kitenge. Mjukuu akaurudisha nyumbani, kwa sababu katiba ya kikundi inataka mshika ufunguo awepo mwenyewe au achaguliwe mwingine na theluthi mbili ya wanachama. Theluthi mbili haikupatikana. Wanachama 11, wengi wao wenzake wa kanisani, walikuwa wameacha kuja baada ya kusoma ule ujumbe wetu.

Sanduku likabaki limefungwa mpaka Januari, mwezi wa sare, madaftari na michango ya shule. Ada imefutwa kwenye shule za serikali, lakini mtoto haendi darasani na kaptula iliyochanika. Akina mama watatu ninaowafahamu walikwenda kuchukua mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, mjini. Mmoja aliweka rehani ndoo na mizani yake, vitu anavyofanyia kazi. Aliponieleza hakunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi kuliko angenilaumu.

Mwisho wa Januari nilikwenda kwa Mama K. peke yangu, alfajiri, dagaa wamefika. Sikuwa na hotuba. Nilimwamkia, nikaanza kugeuza dagaa upande wa pili wa wavu. Kichanja alichokuwa anatumia ni cha miti ya zamani, na wavu umefungwa kwa vipande vya kamba za jarife. Tuligeuza mpaka jua likapanda. Ndipo akaanza kusema mwenyewe.

Miaka kadhaa nyuma, alisema, walikuja watu wengine na semina ya haki sawa. Semina ilipoisha, wanaume kadhaa wa mwaloni walianza kuwaambia wake zao: si mmesema sawa, basi tugawane kila kitu. Mchele nusu kwa nusu, dawa nusu kwa nusu. Mashamba na mitumbwi havikugawanywa. Dada yake mdogo alikuwa mmoja wa wanawake hao, na ndoa ile haikudumu. "Mume wangu ananiletea," aliniambia. "Si tajiri, lakini analeta. Mkimwambia tuko sawa, mmemfungulia mlango wa kutoka."

Nikamwambia kile ambacho hatukukisema mafunzoni hata mara moja. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 63, inamtwika mume wajibu wa kumtunza mke: makazi, mavazi na chakula. Kudai jina kwenye ardhi hakuufuti wajibu huo. Nikamweleza pia kwamba mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa. Aliacha kugeuza. "Mbona hamkusema hayo? Mlisema usawa, usawa, usawa."

Siku chache baadaye Dada R. alikwenda kumwomba radhi, jambo ambalo halikuwa rahisi kwake. Mama K. aliipokea, akarudi kikobani, sanduku likafunguliwa. Wanachama 7 kati ya wale 11 walirudi.

Mbalamwezi iliyofuata tuliipeleka hoja tena, safari hii vipande viwili mbalimbali, kila kimoja na kura yake. Cha maeneo kilipita, na mpaka sasa maeneo 19 kati ya 31 yameandikwa kwa majina ya wanawake. Cha kamati kilishindwa kwa kura chache. Mama K. aliunga mkono cha kwanza kwa kunyoosha mkono bila hotuba. Cha pili alikipinga, akaeleza kwa nini, na hakuna aliyemkatiza. Eneo lake mwenyewe limebaki kwa jina la mumewe. Ndivyo alivyotaka.

## Uchambuzi: hasira ilitoka wapi

Nilipozisoma tena kumbukumbu za siku ya mkutano na za usiku wa gesti, nilihesabu. Mama K. ametajwa mara 23. Mwenyekiti, ambaye ndiye mwenye orodha na ndiye aliyefunga ajenda, ametajwa mara 2. Sijapata kipimo kizuri zaidi cha kosa letu.

Lakini sitaki kusema hasira ile ilikuwa upuuzi. Kuna sababu ya kweli inayofanya neno la mwanamke anayepinga ufeministi liume kuliko la mwanaume. Mwanaume akipinga, kila mtu anaona anatetea chake. Mwanamke akipinga, neno lake linakuwa ushahidi. Mwenyekiti alilijua hilo vizuri: "huyu si mwanaume aliyesema." Wenye madaraka wamelijua tangu zamani. Uingereza, mwaka 1908, wanawake waliunda umoja wao wa kupinga wanawake kupiga kura, na miongoni mwa viongozi wake alikuwa Mary Ward, mwandishi mashuhuri. Marekani walifuata 1911. Wanasiasa waliokuwa hawataki kutoa kura hawakuhitaji tena kutafuta hoja, waliwanyooshea kidole wanawake hao. Kwa hiyo mfeministi anapomsikia mwanamke mwenzake akipinga, anasikia pia mlango unaofungwa nyuma ya maneno hayo. Dada R. aliusikia, na kweli ulifungwa.

Sababu nyingine ni ya kibinadamu tu. Mwaka 1988 mtafiti José Marques na wenzake walionyesha kwamba kundi humhukumu mwenzao anayekwenda kinyume kwa ukali zaidi kuliko mtu wa nje afanyaye jambo lilelile. Waliita jambo hilo athari ya kondoo mweusi. Kwa mtu wa nje hatukuwa na matumaini, kwa hiyo hatuvunjiki moyo. Kwa mwenzetu tulikuwa tumeweka kitu. Na harakati inayosema "wanawake wanataka" inasimama kwenye neno hilo, wanawake. Kila anayesema "mimi sitaki" anagusa msingi wa nyumba, na aliyemo ndani lazima aruke.

Ya tatu niliisikia baadaye, kwenye daladala, Dada R. akitazama dirishani. Miaka sita iliyopita alimkimbia mume aliyekuwa akimpiga. Shangazi yake alimpokea, akamlisha, akamnunulia kanga mbili mpya, kisha akamrudisha kwa mume yule na maneno ya kuvumilia. "Mama K. aliposema kichwa cha nyumba," aliniambia, "nilisikia sauti ya shangazi." Wafeministi wengi ninaowafahamu wana shangazi wa namna hiyo. Mwanaume aliwaumiza, lakini aliyewarudisha alikuwa mwanamke waliyemwamini, na jeraha hilo la pili halisemwi sana. Mwanamke yeyote anayetetea utaratibu ule hadharani analifungua upya, hata kama hajui.

Kuna hoja ya nne ambayo wenzangu huitoa mara nyingi na mimi siikubali. Wanasema mwanamke wa namna hii hana shukrani: anasimama mkutanoni kusema mwanamke asipewe nafasi, wakati kusimama kwenyewe kulipiganiwa na wengine. Mfano wao mkubwa ni Phyllis Schlafly wa Marekani, aliyezunguka nchi nzima akihutubia kwamba mahali pa mwanamke ni nyumbani, na akapata shahada ya sheria akiwa na miaka zaidi ya hamsini. Mgongano upo, sikatai. Lakini haki ikigeuzwa kuwa deni, haina tofauti na ile hisani ya mume tunayoikataa. Mama K. ana haki ya kusema mkutanoni hata akiitumia kutupinga, na kama hatuamini hivyo basi tulimfundisha nini yule mama aliyeandika jina la jaji kwenye daftari?

Schlafly nimemtaja pia kwa sababu nyingine. Marekebisho ya katiba ya haki sawa yalipitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1972, yakahitaji majimbo 38. Mpaka muda ulipokwisha 1982 yalikuwa yamepata 35. Silaha yake kubwa katika vita hiyo ilikuwa ileile ya Mama K.: kwamba usawa utamwondolea mke haki ya kutunzwa na mumewe. Wanawake wengi wa nyumbani waliogopa, na kumdhihaki Schlafly hakukuwatoa hofu. Sisi mwaloni tulirudia kosa hilo bila kulijua.

Msomi wa Kituruki Deniz Kandiyoti, naye mwaka 1988, aliandika juu ya mapatano ambayo wanawake hufanya na mfumo dume: natii, na wewe unilinde na unilishe. Utaratibu wa zamani unapoanza kubomoka na hakuna kipya kilichosimama mahali pake, wanawake wengi huushikilia ule wa zamani kwa nguvu zote, kwa kuwa wameshaulipia. Mama K. alikuwa ameulipia kwa zaidi ya miaka thelathini ya ndoa. Alikuwa pia ameona kwa dada yake mapatano yakivunjwa upande mmoja tu, yaani mwanaume ameacha kutunza na mwanamke hajapata mali. Hofu yake ilikuwa na jibu, tena jibu la kisheria, na tulikuwa nalo mfukoni. Hasira ilitufanya tujibu tusi, tukaacha swali. Alikuwa ameuliza kabisa, kwa sauti, mbele ya watu: sare ya mtoto atanunua nani?

Kosa la kufunga hoja mbili kwenye furushi moja ni letu pia. Mama K. hakuwa na ugomvi na kichanja. Ugomvi wake ulikuwa na kamati, na bado anao. Sehemu ya sababu, nadhani, ni kwamba viti vya wanawake kwenye kamati vitaufanya uwezo wake wa kwenda mlangoni kwa wazee usiku usihitajike sana. Hilo hatujalijibu. Sijui mwanamke anayelinda wenzake kwa heshima aliyopewa na wanaume tunampa nini badala yake.

Kumtoa kwenye orodha ya vichanja ndilo kosa ninalolijutia kuliko yote, hata kuliko maneno ya mkutanoni. Maneno yalitoka kwa mtu aliyeumia. Orodha tuliichora upya tukiwa tumekaa, chai mezani, na tukaitumia ardhi na miti kama vile mwenyekiti alivyoitumia orodha yake.

Jina lake limerudishwa, na kichanja chake kitajengwa kabla ya masika. Mwezi ujao kipande cha kamati kinarudi mkutanoni, na Mama K. ameshatuambia atapinga tena. Safari hii barua ya kwanza tumeipeleka kwa mwenyekiti, tukimtaka aeleze kwa maandishi ni kanuni gani ilimruhusu kufunga ajenda ya Novemba bila kura, na nakala imekwenda kwa mtendaji. Dada R. ndiye aliyeiandika.